Sanduku la Wachezaji: Gemu Ikifikisha Miaka

Karibu kila barua ya mwezi huu inahusu siku ya kuzaliwa, na anayezaliwa si mtu. PlayStation ya kwanza iliingia madukani Japani tarehe 3 Desemba 1994. Minecraft ilionekana hadharani tarehe 17 Mei 2009, Clash of Clans Agosti 2012, Pokémon GO Julai 2016. Wanaotuandikia ni wakongwe: wamekaa na gemu moja tangu wakiwa shule, na sasa sherehe ikifika wanataka wafaidi kwa haki yao. Barua tumezifupisha, maswali tumeyaacha yalivyo.

Nilianza Pokémon GO Julai 2016 nikisoma Uingereza. Sasa niko Nairobi, na mke wangu naye amenaswa, huu ni mwaka wake wa pili. Sanduku langu limejaa kabisa. Kabla ya sherehe za Julai nataka kufagia wale dhaifu niliowakamata nikiwa sijui kitu. Nianzie wapi?
*Mkongwe wa South B*

Weka fagio chini kwanza, ndugu yetu. Hao dhaifu ndio mali uliyo nayo. Pokémon, yaani kiumbe wa gemu, aliyekamatwa Julai au Agosti 2016, ukimbadilisha na rafiki, huweza kuwageuza wote wawili, wako na wa mwenzako, kuwa wa bahati (Lucky) bila kubahatisha. Uhakika huo una kikomo: mchezaji akishakuwa na wa bahati wengi, anarudi kwenye kubahatisha kama watu wengine. Kwa hiyo anayefaidi zaidi ni mgeni kama mkeo, na wewe unafaidi kwa kupitia kwake.

Faida yenyewe si jina tu. Pokémon wa bahati hupandishwa kwa nusu ya vumbi la nyota (Stardust), ambalo ndilo malipo ya ndani ya gemu. Kumtoa wa kawaida kiwango cha 20 hadi cha 40 hula vumbi 225,000. Wa bahati hula 112,500. Tena nguvu zake tatu za ndani, yaani shambulio, ulinzi na uhai, hazishuki chini ya 12 kati ya 15. Yule panya wako wa Julai 2016 mwenye sifuri kila mahali ukimtoa, upande wa pili anaamka akiwa na angalau 12, 12, 12.

Kuwapata, fungua sanduku, gusa sehemu ya kutafutia, uandike year2016&!traded. Sehemu ya pili inawaondoa waliokwisha badilishwa, maana Pokémon hubadilishwa mara moja tu maishani mwake. Waliobaki wape alama ya nyota ili mkono usiteleze ukawatuma kwa profesa, maana huko hawarudi.

Sasa mambo yanayoharibika. La kwanza: kubadilisha hupiga kura upya ya nguvu za ndani. Ukiwa na mwenye 15 kila mahali, usimtoe, atafika upande wa pili akiwa mtu mwingine. La pili: gharama. Badilishano la kawaida ni vumbi 100. La kipekee, kama Pokémon anayeng'aa au wa hadithi, huruhusiwa moja tu kwa siku, na bei hutegemea urafiki. Asiyekuwa kwenye orodha ya mpokeaji hugharimu vumbi 1,000,000 mkiwa marafiki wa ngazi ya kwanza, 80,000 ngazi ya tatu, na 40,000 mkifika ngazi ya nne, ambayo huchukua siku 90 za kupeana zawadi au kucheza pamoja. Wewe na mkeo kama mmekuwa mkitumiana zawadi mmeshafika. Kama mlikuwa mnasahau, anzeni leo, msingoje Julai. Na kwa kawaida lazima muwe karibu, ndani ya mita 100.

La tatu watu wengi wa hapa hawalitumii: umbali. Wawili wanaobadilishwa wakiwa wamekamatwa mahali palipoachana kwa zaidi ya kilomita 100, kila mmoja wenu hupata peremende (Candy) 3 za kumkuzia Pokémon. Kati ya kilomita 10 na 100 ni 2. Chini ya hapo ni 1. Wako wa Uingereza na wake wa Nairobi wamevuka kilomita 100 mara nyingi sana, kwa hiyo kila badilishano lenu ni 3. Wasio na bahati ya ng'ambo wakumbuke kwamba Mombasa na Kisumu zinatosha. Thika haitoshi, ni peremende 2. Ukienda ushago Desemba, kamata hata wale usiowapenda uwaweke.

Cha kufagia basi ni nini? Waliokamatwa karibuni, wa aina moja, ndani ya Nairobi, wasio na nyota. Ila Pokémon aitwaye Tropius mbakize hata kumi. Huku kwetu Afrika anaonekana kama kunguru, lakini mchezaji wa Asia ya Mashariki au Amerika hamwoni kwao, na mgeni akija mjini ndiye atakayemwomba kwanza.

Siku yenyewe: vituo vya gemu hukaa penye sanamu, majengo ya kumbukumbu na bustani, kwa hiyo katikati ya jiji utapata vingi kwa hatua chache kuliko mtaani. Lakini kati ya maghorofa marefu ishara ya setilaiti hugonga kuta na mhusika wako ataanza kukimbia ovyo barabarani. Tulia bustanini kama Jeevanjee au Arboretum, pana anga. Na simu, kaka, haishikwi mkononi ukitembea Tom Mboya. Simama, geuka ukutani, kamata, rudisha mfukoni. Pawabanki ya mAh 10,000 inatosha simu moja mchana mzima, haitoshi mbili.

Tangazo la sherehe linasema 10 a.m. PDT. Mwaka jana niliamka usiku bure. Kwa saa zetu ni lini?
*Usingizi Umeniisha, Kahawa West*

Ni saa mbili usiku. PDT ni saa za pwani ya magharibi ya Marekani majira ya joto, nyuma yetu kwa saa 10. Wakiandika PST, ambayo ni majira ya baridi, wako nyuma kwa saa 11, na tukio hilohilo litakuwa saa tatu usiku. Wao hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatugusi. Sherehe zinazoangukia wiki hizo mbili ndizo zinazowachelewesha watu.

Njia ya haraka kwa anayesoma saa kwa Kiswahili: PDT ongeza 4, PST ongeza 5, UTC (saa za kimataifa) toa 3, London majira ya joto toa 4, ukivuka 12 toa 12. Kwa mfano 10:00 UTC, toa 3, ni saa saba mchana. Tokyo ndiyo rahisi kuliko zote: namba ya Kizungu haibadiliki kabisa, ila a.m. yao ni usiku wetu na p.m. yao ni mchana wetu. 3 p.m. yao kwetu ni saa tatu asubuhi. Na saa 10 a.m. ya Tokyo kwetu ni saa kumi alfajiri.

Angalia pia tarehe. 10 p.m. PDT ya Jumamosi ni saa mbili asubuhi ya Jumapili hapa. Ikiwa tangazo linasema "local time", hakuna hesabu: ni saa ya simu yako. Siku za Jumuiya (Community Day) za Pokémon GO ziko hivyo, saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni popote ulipo.

Kijana wangu alinunuliwa Minecraft mwaka 2012, siku hizi yuko chuo. Alitaka kurudi kwenye ulimwengu wake wa zamani kusherehekea, lakini akaunti inakataa. Barua pepe anayo, neno la siri analo. Kompyuta ile ya zamani ipo, imewekwa juu ya kabati. Kuna tumaini?
*Mama wa Buruburu*

Akaunti haina, mama. Ulimwengu upo.

Akaunti za wakati ule zilikuwa za Mojang, na Microsoft waliokuwa wameinunua kampuni hiyo mwaka 2014 waliwataka wote wahamie kwenye akaunti za Microsoft. Mlango wa kuhama ulifungwa tarehe 19 Septemba 2023. Aliyechelewa, hata akiwa na neno la siri sahihi, hana pa kuingilia. Itabidi anunue upya. Kwa kompyuta sasa matoleo mawili ya gemu, Java na Bedrock, huuzwa pamoja, dola 29.99 kwenye bei ya Marekani. Asije akanunua akaunti ya mtu mtandaoni kwa bei ya chini: mwenyewe akiidai siku moja, pesa zimekwenda.

Ulimwengu wake haukuwa kwenye akaunti. Uko ndani ya hiyo kompyuta ya kabatini. Awashe, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike %appdata%, afungue folda ya .minecraft, kisha saves. Kila folda humo ni ulimwengu mmoja. Anakili folda nzima kwenye flashi, asichague faili. Ili ajue ni nzima aangalie kuna level.dat na folda inayoitwa region. Ikikosekana moja, nakala ni mbovu. Kompyuta ikikataa kuwaka, asiitupe: diski yake hutolewa na kuwekwa kwenye kasha la USB, na fundi yeyote wa Luthuli Avenue anafanya hiyo kazi ukisubiri.

Kwenye kompyuta mpya folda inakwenda mahali palepale, ndani ya saves. Hapa ndipo wengi wanapolia. Kabla ya kuufungua ulimwengu, atengeneze nakala nyingine aiweke mbali. Toleo jipya likishaufungua huubadilisha muundo, na hakuna kurudi nyuma. Kuanzia toleo la 1.18, la Novemba 2021, dunia iliongezwa kimo: zamani ilikuwa kati ya 0 na 256, sasa ni kati ya -64 na 320. Nyumba yake itabaki pale alipoijenga, ila chini ya ule mwamba wa mwisho alioujua kutakuwa na tabaka jipya la mapango, na sakafu ya zamani haitakuwa sakafu tena. Wapo wanaoipenda hiyo. Wapo wanaohisi wamebomolewa.

Kama ni sherehe ya kumbukumbu anayoitaka, tungemshauri afungue nakala moja kwenye toleo la zama zake. Kwenye launcher, programu ya kuanzishia gemu, aende Installations, New installation, achague toleo. Yaliyo rasmi kuanzia 1.0, la tarehe 18 Novemba 2011, yamo kwenye orodha. Ya kabla ya hapo hadi awashe matoleo ya kihistoria kwenye mipangilio. Programu ya Java ya zamani inayoliendesha, launcher itaishusha yenyewe. Jambo moja asiliruke: sehemu ya Game Directory aiandikie folda mpya kabisa, kwa mfano mc2012, na ulimwengu auweke kwenye saves ya folda hiyo. Asipofanya hivyo toleo la zamani na jipya yatagombania faili moja ya mipangilio, na siku atakayoukosea ulimwengu wa kisasa akaufungua kwa toleo la zamani, utaharibika.

Wenye watoto wanaocheza kwenye simu, hili linawahusu zaidi. Kule ulimwengu unaweza kuwa umehifadhiwa ndani ya programu yenyewe, na kuifuta programu ili kupata nafasi ya picha za harusi ni kuufuta nao. Gusa kalamu iliyo pembeni mwa jina la ulimwengu, shuka chini kabisa, Export World. Inatoka faili moja ya .mcworld, itume kwa barua pepe yako mwenyewe.

Wahariri, niko Free Fire tangu form one. Kwenye grupu letu wametuma linki ya almasi 5,000 za anniversary, unaingia na Facebook tu. Wenzangu wanasema wamepata. Nimeshaingia, sijaona kitu. Nifanye nini?
*Headshot, Githurai 45*

Soma hii ukiwa umeshika simu. Badilisha neno la siri la Facebook sasa hivi, kisha kwenye mipangilio ya usalama toa vifaa vyote vilivyoingia. Angalia namba na barua pepe za kurejesha akaunti: mwizi mwenye akili haondoi yako, huongeza yake. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu inayotoa namba za kuingilia (authenticator), usitegemee SMS peke yake, maana laini iliyolala muda mrefu huishia kwa mtu mwingine. Kama neno hilohilo la siri unalitumia kwenye barua pepe, badilisha huko pia, tena huko kwanza.

Waliosema wamepata, waulize wakuonyeshe kwenye gemu, si picha. Mara nyingi hata si wao walioandika. Ni akaunti zao zilizokwisha ibwa.

Zawadi halali zina umbo linalojulikana. Kodi (code) ya zawadi ya Free Fire ni herufi na namba 12 au 16, unaiweka kwenye tovuti rasmi ya zawadi ya Garena, na kitu kinakuja kwenye sanduku la barua ndani ya gemu; almasi na dhahabu huingia zenyewe kwenye salio. Haikuulizi neno la siri la gemu, na ikikuuliza PIN ya M-Pesa ujue umefika kwa majambazi. Kodi halali ikikataa, sababu huwa ni moja ya tatu: imeisha muda, imetolewa kwa eneo jingine la seva (kodi ya India haifanyi kazi kwingine), au akaunti yako ni ya mgeni (guest). Akaunti ya mgeni haipokei kodi hadi uifunge na Facebook, Google au nyingine inayokubalika. Na simu ikiibwa, akaunti ya mgeni imekwenda nayo. Wewe una Facebook tayari, kwa hiyo hilo si tatizo lako, ila mwambie mdogo wako.

Nina kibanda cha PlayStation hapa Pipeline. Nataka usiku mmoja wa PS2 tu, kandanda ya zamani, wakubwa walipe kukumbuka. Nimepata mashine tatu: moja imetoka Marekani, mbili sijui. Moja inasoma CD ikitaka. Picha kwenye TV mpya haina rangi. Nisaidieni kabla sijachoma kitu.
*Mwenye Kibanda*

Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuchomeka. Geuza kila mashine usome namba ya SCPH nyuma au chini. Tarakimu ya mwisho ndiyo kabila lake: 0 ni Japani, 1 Marekani, 3 Uingereza, 4 bara la Ulaya. Kisha soma volti palepale kwenye kibandiko. Za 3 na 4 zinakubali 220 hadi 240 na umeme wetu ni 240, chomeka tu. Ya Marekani ni 120, ya Japani ni 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani utasikia mlio mmoja, na kazi imeisha. Inataka transfoma ya kushusha, na ya wati 100 inatosha PS2 nene moja. Ikiwa ni nyembamba yenye adapta ya nje, mashine yenyewe hutumia volti 8.5, kwa hiyo kinachosomwa ni kibandiko cha adapta. Usiiwekee adapta ya redio ya volti 9 au 12 kwa sababu tundu limeingia.

Picha isiyo na rangi: mara nyingi mashine ya Marekani inatoa NTSC, mfumo wa rangi wa kwao, na TV imelazimishwa PAL, mfumo mwingine. Kwenye menyu ya TV weka mfumo wa rangi kuwa Auto. Ikiwa TV yako ina tundu dogo la duara badala ya matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu, tatizo linaweza kuwa waya wa kuunganishia: mpangilio wa nyaya ndani hutofautiana kati ya watengenezaji. Jaribu kuchomeka njano penye nyekundu. Picha ikitokea, umepata jibu, waya mwingine hauhitajiki.

Wateja watalalamika kwamba mchezaji anachelewa kupiga. Hawakosei. PS2 hutoa picha ya mistari inayopishana na TV bapa inachukua muda kuiunganisha. Washa Game Mode, zima kila kinachoitwa kuboresha picha. Ukipata TV ya mgongo kutoka kwa mtu anayehama, chukua. Kwa usiku huo itashinda ya inchi 55.

Inayosoma CD ikitaka, kwanza futa CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, mstari mnyoofu, usizungushe. Isipokubali, chomoa umeme, fungua, chovya pamba ya masikio kwenye pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, gusa lenzi kidogo bila kuikandamiza, ngoja dakika tano. Vumbi ndilo ugonjwa wa kawaida wa mashine za vibandani. Ikiendelea, jicho limechoka. Tafuta jingine, na dawa ya meno ambayo watu husugulia CD tunaomba ubaki nayo bafuni.

Kadi ya kumbukumbu halisi ya PS2 ni MB 8. Zilizoandikwa MB 64 au 128 kwa bei ya chai hupoteza ligi nzima katikati ya msimu. Nakili kila kitu kutoka tundu la kwanza kwenda la pili usiku wa kabla. Ukitaka na gemu za PS1, tafuta kadi ya PS1: kumbukumbu zake unaweza kuzihifadhi kwenye kadi ya PS2 lakini gemu haitazisoma kutoka huko.

Niliweka Play Store ishushe kwa waifai pekee, lakini siku ya sherehe bando langu la wiki liliisha kwa dakika chache. Limeenda wapi?
*Wa Rongai*

Gemu yenyewe imelila. Ile amri ya Play Store inazuia apdeti za Play Store tu. Gemu nyingi kubwa hushusha programu ndogo kwanza, halafu ukiifungua zinavuta picha, sauti na ramani za sherehe moja kwa moja kutoka seva zao, na hapo Play Store haina usemi. Nenda mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, chagua gemu, uizimie data ya simu kabisa. Siku mbili kabla, ukiwa kwenye waifai, ifungue, uingie hadi ukurasa mkuu, tafuta kwenye mipangilio palipoandikwa kushusha rasilimali, chukua zote. Acha nafasi tupu kwenye simu mara mbili ya ukubwa wa apdeti, kwa sababu faili hushuka ikiwa imefungwa kisha hufunguliwa kando kabla ile ya kwanza kufutwa. Simu ikijaa katikati, itaanza upya, na waifai ya jirani ina mwisho wake.

Ukishamaliza, irudishie data: kucheza kwenyewe hakuli nyingi.

Kwenye Clash of Clans nina keki za miaka iliyopita kijijini, kijana wa ukoo anasema nizing'oe zinaziba nafasi. Nimerudi baada ya kupumzika miaka mitatu.
*Kiongozi wa Ukoo, Kasarani*

Usiguse. Vizuizi vya sherehe hutokea msimu wake tu, na ukiking'oa cha mwaka fulani hakirudi. Kijana akitaka kujua nani amekaa miaka mingi, ataona keki. Hamisha majengo uzizunguke, au zisogeze pembeni ikiwa toleo lako la kuhariri kijiji linaruhusu.

Na kwa kuwa umepumzika: tangu Machi 2025 majeshi hayangojewi tena kufundishwa, ukimaliza kushambulia unashambulia tena. Ile tabia ya kuweka kengele ya simu uamke kufundisha jeshi, izime. Kabla ya kupandisha ukumbi wa mji, funga akaunti na Supercell ID, akaunti ya kampuni yenye gemu, kama bado, maana barua tunazopokea za vijiji vilivyopotea na simu ni nyingi kuliko za vilivyoshindwa vitani.